Bundi anayelia kila usiku shambani: je, tuukate mwembe?

"Assalaam alaykum. Ninaishi kaskazini ya Pemba, si mbali na Msitu wa Ngezi, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba yetu pembezoni mwa shamba la mikarafuu. Tangu mama yangu aanze kuugua na tukawa tunakesha naye, kila usiku tunasikia ndege akilia 'hu... hu... hu...' kutoka kwenye mwembe mkongwe wenye pango, ulio hatua kama ishirini kutoka barazani. Mara nyingine huwa wawili, mmoja akilia mwenzake anaitikia. Kuna usiku tumesikia pia sauti kama ya mtoto mchanga. Shangazi anasema huyo ni bundi, kilio chake ni uchuro, na mwembe ukatwe kabla mambo hayajaharibika. Kaka yangu amekwisha kuzungumza na mtu wa msumeno. Wiki iliyopita mwanangu aliokota kinda mwenye manyoya mepesi chini ya mti, tukampandisha juu ya tawi. Nimesikia kuna bundi anayepatikana Pemba peke yake. Je, ndiye huyu? Ana madhara kwa mgonjwa, au kwa kuku wetu? Anaweza kuhamishwa? Na je, ni vibaya nikimrekodi kwa simu? Sitaki kufanya jambo nitakalolijutia, lakini pia siwezi kumvunjia heshima shangazi yangu."

Wa alaykumu salaam. Kabla ya yote namwombea mama yako afueni, na nyinyi mnaomuuguza nawaombea subira, kwani kukesha na mgonjwa ni kazi nzito na usiku wake ni mrefu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona imebeba mambo mawili yaliyofungwa kitita kimoja: lipo la ndege aliyeko mwembeni, na lipo la mama aliyeko chumbani. Shangazi yako ameyaunganisha, kama walivyoyaunganisha wazee wengi kabla yake, nami nitajaribu kukueleza kwa nini yanaonekana kuungana na kwa nini hayakuungana.

Nianze na utambulisho. Kwa ulivyoeleza sauti, sina shaka kubwa kwamba unamsikia bundi mdogo wa Pemba, ambaye wataalamu humwita kwa jina la kisayansi Otus pembaensis. Alama yake kubwa ni hiyo hiyo uliyoiandika: mlio mmoja mfupi, wa chini, wenye uwazi kama wa mtu anayepuliza juu ya mdomo wa chupa, "hu", kisha kimya, kisha "hu" nyingine. Pengine huutoa mmoja mmoja kwa mapumziko marefu, pengine huufululiza kwa haraka, na dume na jike huitikiana vile vile mnavyowasikia. Bundi mwingine anayejulikana sana katika visiwa na mwambao, yule mkubwa mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo ambaye hupenda magofu na maghala, halii hivyo kabisa. Yeye hutoa ukelele mrefu wa kukwaruza, kama kitambaa kinachopasuliwa. Ama hiyo sauti ya mtoto mchanga, hiyo si ya bundi yeyote. Huyo ni komba, mnyama wa mitini mwenye macho makubwa na mkia mrefu, ambaye yupo Pemba na hupenda miti ya matunda. Naomba umweleze shangazi jambo hili mapema, kwa sababu nimeona mara nyingi hofu ya bundi ikikuzwa na kilio cha komba, kisha lawama zote akabebeshwa ndege.

Ukibahatika kumwona mchana, utashangaa jinsi alivyo mdogo. Urefu wake haufiki sentimita 20, yaani anaweza kusimama juu ya kiganja chako na nafasi ikabaki. Hukaa tuli karibu na shina, mahali palipofungamana majani, na akihisi ametazamwa hujinyoosha wima, akabana manyoya yake mwilini, akasimamisha vishungi vyake vifupi vya kichwani na kufumba macho mpaka ubaki ufito mwembamba wa manjano. Hapo haonekani tena kuwa ndege; anakuwa kisiki cha tawi lililovunjika. Wako wa rangi mbili: wengine ni wekundu wa kahawia, karibu na rangi ya udongo wa Pemba baada ya mvua, na wengine ni wa kahawia iliyofifia. Watu huwadhania kuwa ndege wa aina mbili, au kwamba mmoja ni mzee na mwingine kijana, lakini ni ndege wa aina moja waliozaliwa na rangi tofauti.

Ulichosikia kwamba anapatikana Pemba tu ni kweli. Hayupo Unguja, hayupo Tanga wala Mombasa, wala hayupo mahali pengine popote duniani. Sababu yake iko chini ya bahari. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, na wakati wa enzi ya barafu, takriban miaka 20,000 iliyopita, bahari iliposhuka kwa zaidi ya mita 100, Unguja iliungana na bara na wanyama wakapita kwa miguu. Pemba haikuungana. Mkondo unaoitenga na bara una kina cha mamia ya mita, na maji hayakuondoka hata bahari iliposhuka kiasi hicho. Bundi wachache waliofika kisiwani zamani sana walifika kwa mbawa, wakabaki, wakazaliana wenyewe kwa wenyewe kwa vizazi visivyohesabika, mpaka sauti yao na umbo lao vikawa vya peke yao. Kwa muda mrefu kulikuwa na wataalamu waliomhesabu kuwa tawi tu la bundi mdogo wa Madagaska, na jamaa zake wengine wametawanyika vivyo hivyo katika visiwa vya Bahari ya Hindi: Komoro, Mayotte, Ushelisheli. Kila kisiwa kimemlea wake. Wa Pemba aliandikwa rasmi mwaka 1937 na R. H. W. Pakenham, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni Zanzibar na mpenzi mkubwa wa ndege, lakini ni wazi kwamba watu wa Pemba walikuwa wakilala na kuamka na sauti hiyo kabla hajazaliwa Pakenham. Kisiwa chenu kina ndege wengine watatu wa namna hiyo, wasiopatikana kwingine: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule ndege mdogo wa kijani mwenye duara jeupe kuzunguka jicho.

Sasa nije kwenye jambo linalokusumbua zaidi: kwa nini amekuja karibu na nyumba sasa hivi, wakati mama ni mgonjwa?

Jibu langu la kwanza ni kwamba huenda hakuja sasa hivi. Bundi wa jamii hii hushikamana na eneo lake, na mwembe mkongwe wenye pango ni makazi ambayo jozi ya bundi haiyaachi kwa urahisi. Kilichobadilika ni nyinyi. Zamani saa nane za usiku mlikuwa mmelala, na sauti ile ilipita juu ya paa bila msikilizaji. Sasa mko macho, nyumba iko kimya, masikio yamesimama kwa kila pumzi ya mgonjwa, na kila sauti ya nje inaingia ndani.

Jibu la pili ni taa. Hukuitaja katika barua yako, lakini nitashangaa ukiniambia kwamba nyumba yenye mgonjwa inalala gizani. Bila shaka mnawasha taa ya barazani usiku kucha, ili anayetoka kuchota maji au kupokea mgeni aone njia. Taa hiyo, hasa ikiwa ni ya mwanga mweupe, huita wadudu kutoka shamba zima: nondo, mbawakawa, panzi, na msimu wa mvua kumbikumbi. Na bundi mdogo wa Pemba anaishi kwa wadudu. Huwadaka hewani, huwaokota juu ya majani, na pengine hushuka kuwachukua chini. Mkitandika sahani kila usiku hatua ishirini kutoka kwake, kwa nini asije? Jaribu kukaa barazani jioni moja, mahali palipo na kivuli, uitazame taa kwa nusu saa bila kusema neno. Kuna uwezekano mkubwa utaona kitu kidogo cheusi kikikata mwanga mara moja na kutoweka, na nondo aliyekuwa akizunguka hayupo tena. Hutasikia kishindo, kwa sababu bundi wameumbiwa manyoya laini yenye ncha zilizochambuka, yanayopasua hewa bila mvumo.

Ukiyaweka pamoja hayo mawili, utaelewa jinsi imani ya uchuro ilivyojengeka bila mtu yeyote kusema uongo. Nyumba yenye mgonjwa mahututi huwasha taa usiku. Taa huvuta wadudu. Wadudu huvuta bundi. Walio macho humsikia. Na katika nyumba za wagonjwa mahututi, kifo huja mara nyingi zaidi kuliko katika nyumba za wazima. Wazee waliona kweli mambo hayo yakifuatana, na macho yao hayakukosea. Kilichokosewa ni mpangilio: ugonjwa ndio uliomtangulia bundi, si bundi aliyeutangulia ugonjwa. Tena kumbukumbu zetu huchagua. Usiku ambao bundi alilia na mgonjwa akaamka akiomba uji hausimuliwi na mtu. Unaosimuliwa ni ule mmoja uliofuatiwa na msiba, nao husimuliwa miaka thelathini.

Mimi ni mtu wa ndege, si mwanazuoni, na mambo ya dini nawaachia wenyewe. Lakini kwa kuwa shangazi yako ni mtu wa imani, mwambie kwa upole amuulize sheikh anayemwamini kuhusu ile itikadi ya Waarabu wa kabla ya Uislamu waliyoiita hama, ambayo masheikh wengi huifafanua kuwa ni dhana juu ya ndege wa usiku, bundi, na mambo ya mauti. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliikanusha pamoja na dhana nyingine za nuksi. Nimeona hoja hiyo ikituliza nyoyo ambazo maelezo yangu kuhusu nondo hayakuzifikia.

Uliuliza kuhusu madhara. Kwa mgonjwa, hana. Hanyonyi damu, haingii ndani kumtafuta mtu, wala macho yake hayana kitu cha kumdhuru anayeyatazama. Yanaonekana kukodoa kwa sababu yamekazwa ndani ya fuvu lake na hayawezi kuzunguka kama yetu. Akitaka kutazama pembeni analazimika kugeuza kichwa kizima, na kwa kuwa shingo yake ina pingili 14, mara mbili ya zetu, anaweza kukigeuza mpaka watu wakadhani kimezunguka mzunguko kamili. Wala si kipofu mchana, kama wengi wanavyosema. Anaona vizuri, ila mchana ni wakati wake wa kulala, na wakati wa ndege wengine kumzonga wakimgundua. Kwa kuku pia hana madhara. Kucha zake ni za kumshika panzi. Hata kifaranga wa siku chache ni mzigo ambao hakuumbiwa kuubeba, kwa hiyo mkipoteza vifaranga mtafuteni ngawa, paka, kunguru au mwewe.

Usiniamini kwa maneno tu. Nenda asubuhi chini ya mwembe, hasa chini ya tawi mnaloona limepakaa kinyesi cheupe, na utafute vidonge vidogo vikavu, pengine vimekwisha kuvunjika. Bundi hawezi kumeng'enya magamba ya wadudu, hivyo huyacheua. Kimwagie kidonge kimoja maji kidogo juu ya karatasi nyeupe, kisha ukichambue kwa mwiba. Mtu akifanya hivyo kwa uangalifu hukuta miguu ya panzi yenye meno kama msumeno, vifuniko vya mbawa za mbawakawa vinavyong'aa, vichwa vya nyenje. Mfanyie shangazi yako, au bora zaidi, mwache mwanao amfanyie bibi yake. Ni vigumu kuendelea kumwogopa ndege baada ya kuona chakula chake chote juu ya karatasi.

Kuna jambo moja kuhusu sauti yake linalostahili maelezo, maana nadhani ndilo linalotia hofu kuliko yote. Watu husema: "Analia hapa, ukimtafuta hayupo, analia pale, ukienda hayupo." Hapana mazingaombwe. Masikio yetu hutambua upande wa sauti kwa kupima tofauti ndogo kati ya sikio moja na jingine, na kazi hiyo huwa rahisi sauti inapoanza kwa ghafla na kuwa na mchanganyiko wa juu na chini, kama mlio wa tawi linalovunjika. Mlio wa bundi huyu ni wa noti moja ya chini, unaoanza taratibu na kuishia taratibu. Sauti ya namna hiyo hupenya vizuri majani ya shamba lililofungamana, jambo linalomfaa yeye, lakini huliacha sikio la binadamu likikisia. Ukiongeza kwamba wako wawili, mmoja mwembeni na mwingine mikarafuuni, utapata ndege anayeonekana kuwa kila mahali. Wanachosemezana ni mambo ya nyumba yao: hapa pana wenyewe, nami nipo, na wewe je, upo?

Tuje kwenye mwembe na mtu wa msumeno. Hapa nitasema wazi ninachoamini, kisha nikupe pande zote.

Ningekuwa wewe, nisingeukata. Kinda aliyeokotwa wiki iliyopita ni ushahidi kwamba jozi hiyo inalea sasa hivi, na kwa kuwa ndege hawa hutaga ndani ya matundu ya miti, pango la mwembe wenu huenda ndilo chumba chao cha uzazi. Mti ukiangushwa leo, vilivyomo ndani hufa, na wazazi hupoteza kitu ambacho hakioti kwa mwaka mmoja wala kumi. Pango huja kwa uzee: tawi huvunjika, maji huingia, kuvu hula mti wa ndani polepole, na miongo kadhaa baadaye ndipo panapatikana nafasi ya ndege. Huwezi kupanda pango.

Tena Pemba si mahali penye miti mikongwe ya kuchezea. Msitu wa asili uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa ulipunguzwa kwa ajili ya mashamba, na hasa mikarafuu, ambayo ilishika nguvu kwenu baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuivunja mikarafuu ya Unguja. Msitu mkubwa uliobaki ni huo Ngezi mlio jirani nao, wenye mipapindi yake, mnazi-mwitu ambao nao ni wa Pemba tu. Bundi huyu ameokoka kwa sababu hakung'ang'ania msitu peke yake. Alijifunza kuishi katika mashamba ya mikarafuu yaliyozeeka, yenye vichaka chini na miembe na mifenesi iliyoachwa kusimama. Hii ndiyo maana ya barua yako kwangu: uhai wake hauko mikononi mwa walinzi wa Ngezi peke yao, uko pia katika mashamba ya watu kama wewe. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka amewekwa katika daraja la walio hatarini, na sababu yake ni nyepesi kuielewa. Ndege mwenye kisiwa kimoja hana pa kukimbilia.

Hata hivyo mti mkongwe wenye pango unaweza kuwa hatari ya kweli, na sitaki kukuficha hilo kwa kumpenda ndege. Hatua ishirini ni karibu. Ikiwa mwembe umeinamia nyumba, ikiwa ardhi imeanza kuinuka upande mmoja wa shina, au ukiona ufa mpya unaoshuka, maisha ya watu yanatangulia, na hapo mti ushughulikiwe. Lakini kushughulikia si lazima kuwe ni kuangusha. Mara nyingi inatosha kupunguza matawi mazito ya upande wa nyumba, ukabaki shina lenye pango likiwa fupi na salama. Kama si dharura, subirini makinda yatoke kabisa, yaani majuma kadhaa bila kuona wala kusikia dalili ya kulisha, ndipo kazi ianze. Na kabla ya msumeno kuguswa, kaka yako apite kwa sheha na ofisi ya misitu. Zanzibar ina sheria ya misitu na viumbe wake, Sheria Namba 10 ya mwaka 1996, na kukata mti bila kibali kunaweza kuwaletea usumbufu ambao nyumba yenye mgonjwa haiuhitaji.

Kuhusu kumhamisha, nakushauri usahau kabisa. Bundi mzima akikamatwa na kupelekwa mbali hufanya moja kati ya mawili: hujaribu kurudi, au huangukia katika eneo la jozi nyingine akapigwa na kufa njaa. Makinda yake yatabaki bila wa kuwalisha. Na mwembe ukiwa bado umesimama, jozi nyingine itahamia, nanyi mtarudi kulekule. Yako masanduku ya mbao ambayo bundi wadogo wa nchi nyingine hukubali kutagia, na si vibaya kulitundika moja kwenye mti ulio ndani zaidi ya shamba, lakini lichukulie kuwa nyongeza tu. Nisingeangusha pango la kweli kwa kutegemea sanduku. Na akitokea mtu akataka kumnunua ndege huyu, au sehemu yoyote ya mwili wake, kwa ajili ya uganga, mkatalieni na mumjulishe sheha.

Kinachoweza kusaidia kwa haraka, na ambacho ningekianza leo jioni, ni taa. Badilisheni balbu nyeupe muweke ya manjano, iliyofifia, na muifunike kwa juu ili mwanga uanguke chini mlangoni tu badala ya kutawanyika shambani. Wadudu watapungua sana, na shughuli ya bundi itasogea mbali na baraza. Sikuahidi kwamba atanyamaza. Mlio wake ni wa kulinda eneo na kumwita mwenziwe, hauzimwi na balbu. Kama sauti inamkosesha mama usingizi, mhamishieni kitanda upande wa pili wa nyumba. Vilevile msifyeke vichaka vyote vya shamba kwa hasira. Mkifyeka njia na mahali pa kuchumia karafuu, mkaacha kingo zake, mtakuwa mmewaachia wadudu wao ndani ya shamba badala ya kuwavutia barazani.

Kuhusu kinda, mlifanya vyema. Makinda ya bundi hutoka tunduni kabla hawajajua kuruka vizuri, na wengi wanaookotwa chini hawakutupwa. Akionekana tena, mshikeni kwa kitambaa, mpandisheni juu ya tawi lenye majani mahali paka hafiki, kisha ondokeni. Wazazi humfuata kwa sauti yake usiku huohuo, na harufu ya mikono yenu haitawafukuza. Msimpe wali, maziwa wala mkate, na msimlazimishe maji mdomoni, kwani huingia kwenye njia ya pumzi.

Yapo ambayo barua haiwezi kuyatatua. Mkimkuta ndege ana bawa linaloning'inia, amenasa kwenye ulimbo au wavu, ameng'atwa na paka hata kama jeraha halionekani, au amekaa chini mchana kutwa bila kujaribu kuwakwepa, mtieni katika boksi la karatasi lenye matundu, liwekeni gizani mahali penye utulivu, na siku hiyohiyo muwasiliane na maafisa wa misitu, ambao kwenu wako karibu kwa sababu ya Ngezi. Msimlee nyumbani. Mwembe nao, kama una wasiwasi juu ya uthabiti wake, unahitaji jicho la mtu anayejua miti, aliyesimama chini yake mchana, si picha ya simu. Bundi akimkwaruza mtu kwa kucha, osheni jeraha kwa sabuni na maji mengi, na likivimba muoneni daktari.

Na mama. Nakuomba jambo moja kwa moyo wote: hali yake isisomwe kwa kilio cha ndege. Kama amezidiwa, kama anashindwa kupumua vizuri, hali chakula wala hanywi, au amechanganyikiwa kuliko jana, apelekwe hospitali usiku huohuo, bundi awe amelia au amenyamaza. Nimeshuhudia familia iliyotumia siku tatu kumtafuta wa kuondoa nuksi, na siku tatu hizo ndizo alizozihitaji mgonjwa.

Kwa shangazi, usiende na hoja ya kumshinda. Anachokisema kwa lugha ya uchuro ni kwamba anaogopa kumpoteza wifi yake. Mwambie umemsikia, mwambie taa inabadilishwa na matawi yatapunguzwa, mwombe akuvumilie mpaka makinda yatoke. Kisha umwalike akae nawe barazani jioni ile ya kutazama nondo.

Swali lako la mwisho lilikuwa kuhusu simu. Mrekodi, si vibaya hata kidogo, na ningefurahi ukifanya hivyo: dakika mbili tatu ukiwa umeiweka simu juu ya ukuta, mbali na mazungumzo. Taja mwanzoni tarehe, saa na jina la shehia, kisha mpelekee afisa wa misitu nakala. Ila usimchezee bundi sauti yake mwenyewe ili asogee. Atadhani amevamiwa, ataacha kuwinda na kulisha ili aje kupambana na adui asiyekuwepo, na usiku ambao ana makinda tunduni hana muda wa kuupoteza.